Siku Kumi na Nne za Nesta

Binti yangu Nesta alikuwa amebakiza miezi minne amalize chuo kikuu, chuo kikafungwa. Ilikuwa mwaka 2007. Wanafunzi waligoma, wakubwa wakakasirika, watoto wakaambiwa wawe wameondoka kabla ya jua kuzama, kama vile kila mmoja ana kwao hapo hapo Dar es Salaam. Akafika kwetu Mbozi na mabegi mawili, la nguo na la karatasi. La nguo alilibeba mwenyewe kutoka barabarani. La karatasi alinipa mimi niliyekwenda kumpokea, akasema, "Taratibu na hilo, Baba," utadhani ananikabidhi kichanga.

Nyumbani tulikuwa wawili tu. Mama yake, Enesi, alikuwa amefariki miaka minne nyuma, na sina budi nieleze alivyofariki, maana bila hilo haya mengine hayaeleweki.

Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua haikatiki. Tumbo lilimshika asubuhi, mchana akawa hawezi kusimama. Uani mwa ofisi ya kata kulikuwa na gari la mradi wa kahawa. Nikaenda kwa Mtendaji wa Kata, Yonasi jina lake, nikamwomba gari limfikishe mgonjwa Vwawa hospitali. Akaniambia gari limeoshwa kwa ajili ya wageni wa kesho, na ruhusa ya kulitoa si yake. Nikamuuliza ni ya nani. Akasema ya juu. Tukambeba Enesi kwa machela, wanaume sita tukipokezana, kuelekea barabara kuu ya Zambia. Hatukufika. Niliporudi na mwili, lile gari lilikuwa pale pale, linang'aa.

Nikaapa sitakanyaga tena ofisi ya Yonasi. Mbolea ya ruzuku ilipokuja, kujiandikisha ni kwake, sikuchukua. Mahindi yangu yakawa ya njano nikayatazama hivyo hivyo. Majirani wakasema Osea ana kichwa kigumu. Wao wake zao walikuwa hai.

Sasa Nesta. Siku za kwanza alikaa barazani na karatasi zake, anaandika, anafuta, anatazama mlima. Mimi nilikuwa nachimba mashimo ya kuziba mapengo ya mibuni iliyokufa. Kwetu mbuni haupandwi kwa kukisia. Kuna kamba yenye mafundo, kila futi tisa fundo moja, na mnakuwa wawili, mmoja huku mmoja kule, mnaivuta mpaka inyooke, kila penye fundo mnachomeka kijiti. Ndiyo maana shamba la kahawa lililopandwa vizuri, ukisimama pembeni ukatazama, mistari inafunguka mbele yako mpaka mwisho wa shamba. Hatua moja kulia inafungwa, miti inakuwa fujo. Hatua nyingine inafunguka tena, kwa mshazari. Kamba yangu tuliisokota na Enesi mwaka 1986.

Nesta akaja shambani akaniomba hiyo kamba. Nikadhani anataka kunisaidia. Akafunga ncha moja kwenye nguzo ya kichanja cha kuanikia kahawa, akashika ya pili, akaanza kuitikisa. Mtikiso ukakimbia mpaka kwenye nguzo, ukarudi kwake umepinduka, uliokwenda kama kilima umerudi kama bonde. Akaongeza mwendo kidogo kidogo, kamba ikawa inarukaruka ovyo, halafu ghafla ikatulia katika umbo, matumbo mawili yanapanda na kushuka na katikati pametulia kabisa, ungeweza kuweka kidole. Nimeishika kamba ile miaka ishirini na sikujua kwamba ina hilo ndani yake.

Akanieleza, na mimi naeleza nilivyoshika, kwa elimu yangu ya darasa la nne. Alisema ndani ya jiwe lenye mpangilio, kama chembe ya chumvi, au lile dude jeusi la sola juu ya bati la jirani, kuna vitu vidogo vimepangwa kwa mistari iliyonyooka kuliko mibuni yangu. Jiwe la namna hiyo wanaliita fuwele. Na umeme ni vijichembe vinavyopita humo, elektroni. Lakini elektroni haipiti kama mtu anayekatiza shambani akikwepa miti. Inapita kama mtikiso wa kamba. Mtikiso unaokubaliana na nafasi ya mistari unapita kana kwamba miti haipo, usiokubaliana unarudishwa.

"Na ncha, Baba, ncha ndiyo yenye masharti," akasema. "Ukiifunga, kamba inakubali mitikiso fulani tu. Ukiiachia, inakubali mingine. Katikati kamba ni ile ile, lakini mpakani ndiko wanakoamua nani apite."

"Kwa hiyo hata huko kuna mtendaji," nikasema.

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi.

Kazi aliyokuwa anaiandika ya kumalizia chuo ilikuwa juu ya hilo. Alisema walimu wana njia yao ya kukwepa taabu ya mpakani: wanachukua ncha hii ya mistari wanaiunga na ncha ile, inakuwa duara, anayetoka mlango wa mwisho anaingia mlango wa kwanza. Hesabu inakuwa nyepesi, na kwa aliye katikati ya jiwe ni sawa tu, maana mistari ni mingi mno hata hajui kama kuna mwisho. Nikamwambia shamba lisilo na mwisho nimewahi kulisikia kwa wanasiasa tu. Akasema hiyo ndiyo shida anayoiona na yeye. Jiwe la kweli lina ukingo. Na hesabu yake ilikuwa inatoa majibu ambayo kwenye duara wanayatupa, majibu yanayofifia kila mstari mmoja mpaka mwingine, kwa sababu kitu kinachofifia hakiwezi kuzunguka kikarudi kilivyoanza. Lakini ukikubali kwamba pana ukingo, jibu hilo halina haja ya kuzunguka. Linakaa pale pale pembeni. Likielekea ndani linafifia, likielekea nje linafifia.

"Haliingii, halitoki," akasema.

"Kama watu wa mpakani Tunduma," nikasema. Akacheka tena, akaandika pembeni ya karatasi neno Tunduma.

Alisema mwalimu wake msimamizi hakutaka. Walibishana wiki moja kabla ya mgomo. Mwalimu alimwambia afunge duara amalize, mambo ya ukingo atayafanya mbele ya safari. Nesta akamwachia kurasa kumi na moja mezani, na chuo kikafungwa kabla hajapata jibu.

Haya. Wanafunzi walikuwa wameondoka na fomu. Mzazi aweke sahihi kwamba mwanawe hatagoma tena, halafu Mtendaji wa Kata ashuhudie na kugonga muhuri, fomu irudishwe kwa tarehe waliyopanga. Asiyerudisha hana nafasi. Yaani mtoto amekosea Dar es Salaam, mimi niende kuomba radhi kwa Yonasi.

Nesta alisema atakwenda mwenyewe, nisisumbuke. Nikamkatalia. Nilimwambia mtoto wa Enesi hatakwenda kuinama pale, fomu aniachie, nitaishughulikia. Aliniangalia kidogo, akanipa.

Mimi nilikwenda kwa Andongwisye, katibu wa chama cha ushirika cha kahawa. Ambaye hakuishi zama zile hawezi kunielewa. Miaka ya themanini muhuri wa chama chetu ulikuwa unafungua kila mlango. Mtoto alipokewa shule ya sekondari kwa barua ya chama. Mgonjwa alilazwa kwa barua ya chama. Enesi alijifungua Nesta kwa barua ile ile, muhuri wa duara, bluu, na tawi la mbuni katikati. Halafu wakubwa wakasema soko huria. Makampuni yakaja na mizani zao yakanunua kahawa mlangoni kwa mtu, chama kikakauka, ghala likapangishwa kwa wafanyabiashara wa mahindi. Andongwisye alibaki na kiti, funguo na muhuri. Hakuna aliyemwambia aache, kwa hiyo hakuacha.

Aliisoma fomu kwa mkono ulionyooshwa. Akasema, "Osea, hapa wameandika Mtendaji."

Nikamjibu kwamba yeye alikuwepo kabla ya watendaji. Hilo lilimpendeza. Kidau cha wino kilikuwa kimekauka, akaupulizia muhuri pumzi mara tatu, akagonga kwa nguvu. Ukatoka hafifu lakini tawi la mbuni lilionekana. Nikaifunga bahasha papo hapo, nikaituma kwa posta ya Vwawa, nikarudi nikamwambia Nesta tayari. Sikusema uongo, alichouliza ni kama imetumwa, nami niliituma.

Wiki tatu baadaye shemasi wa kanisa, ambaye barua zetu zilikuwa zinapitia kwenye sanduku lao, alinikuta shambani akanipa bahasha ya chuo. Ilikuwa imeandikwa jina langu kwa kuwa mimi ndiye mzazi niliyeweka sahihi. Ndani, ukiacha fomu mpya, mlikuwa na vitu viwili. Barua ya mashine ilisema fomu haikupokelewa, muhuri si wa mamlaka husika, wameambatanisha fomu nyingine, igongwe na Mtendaji wa Kata na ifike ndani ya siku kumi na nne tangu tarehe ya barua. Tatu zilikuwa zimekwisha njiani.

Cha pili kilikuwa kikaratasi cha kuandikwa kwa mkono, cha mwalimu wake. Nitakiandika kama kilivyokuwa, nimekisoma mara nyingi: "Nesta, nimepitia kurasa zako kumi na moja. Uko sahihi. Duara linatuficha kitu. Achana nalo, andika ukingo, nitakusimamia. Fanya haraka urudi."

Ningempa pale pale, haya nisingekuwa nayaandika. Nilijiambia kwanza nirekebishe fomu, halafu nimpe vyote pamoja, asijue kama nilikosea. Nilichomeka bahasha kwenye paa juu ya kitanda changu.

Kesho yake nikaenda nikasimama ng'ambo ya barabara, nikimtazama Yonasi kwa dirishani akimenya karanga na kucheka na mtu. Nikarudi. Siku ya tano tangu niipokee barua nikapanda gari hadi Vwawa, nikidhani nitapata mkubwa wa kumpita Yonasi juu kwa juu. Waliniambia kwa adabu tu kwamba jambo hili linaanzia kata. Siku ya tisa nilifika mlangoni kwake kabisa, fomu mfukoni.

Yonasi akaniona. Akasimama, akavua kofia.

"Karibu, mzee Osea," akasema. "Ingia ukae. Muda mrefu sana."

Nilikuwa nimejiandaa kwa dharau. Angenidharau ningemtupia fomu mezani, ningesimama pale mpaka agonge. Kwa kukaribishwa sikuwa nimejiandaa. Nikaona nikiingia nikakaa kwenye kile kiti, nimemsamehe, na Enesi amekufa bure. Nikasema nilikuwa napita tu. Akaniambia kama kuna shida yoyote nisisite. Nikasema hakuna.

Siku mbili zilizobaki nilichimba mashimo. Nilichimba mengi kuliko miche niliyokuwa nayo.

Nesta naye alikuwa anahesabu tarehe zake. Alikwenda Vwawa kumpigia simu mwenzake, akaambiwa majina ya wanaorudi yamebandikwa na lake halipo. Tukauza mahindi, akapanda basi, akafika getini. Walinzi wakatazama orodha wakamwambia, dada, hupo, wala hawakumruhusu afike kwa yeyote wa ndani. Akarudi na vumbi la safari na begi lake la karatasi. Aliketi barazani pale pale alipokuwa akiandika.

"Ni mwalimu wangu," akasema. "Nilimbishia, ameniondoa."

Hapo ndipo penyewe. Mengine yote naweza kumgawia mtu: gari la mradi, ruhusa ya juu, soko huria, muhuri uliopoteza nguvu bila sisi kutangaziwa. Nimewalaumu wote hao na bado nawalaumu, hawajawahi kunijibu. Lakini hapa palikuwa na mimi na yeye tu, na kikaratasi kiko juu ya kitanda changu, hatua kumi.

Nikamwambia, "Hao ndivyo walivyo. Mkubwa hapendi kuulizwa."

Aliitikia kwa kichwa. Aliniamini, kwa sababu nilikuwa nimemfundisha hivyo tangu mama yake alipokufa. Hakuandika rufaa. Alisema kumwandikia mtu kama yule ni kujidhalilisha, na hayo nayo yalikuwa maneno yangu. Baada ya Krismasi akaenda Tunduma.

Alipata kazi kwa mama mmoja mfanyabiashara, Bushra, mtu wa Kigoma, mwenye duka la simu, redio na sola karibu na stendi. Bushra alimpenda kwa kuwa hakosei. Akajifunza Kibemba cha kupatana bei na Wazambia wanaovuka kutoka Nakonde, akawa anaheshimika. Nilikuwa namtembelea mara mbili kwa mwaka na mkungu wa ndizi. Siku moja mteja alimuuliza lile dude la sola linafanyaje kazi. Nikamtazama. Nilijua anaweza kumweleza mpaka mtu akaona mistari inafunguka mbele yake. Akasema, "Unaliweka juani, linachaji." Akamfungia.

Miaka minane.

Yonasi alistaafu, akaugua, akafa mwezi wa tano mwaka 2015. Nilikwenda mazishini, nadhani nilikwenda kuhakikisha. Walisoma wasifu wake mrefu, wakamfukia, nikangoja kifua kiwe chepesi. Hakikuwa. Nilirudi nyumbani nikajilaza, nikatazama ile bahasha iliyoiva moshi hadi kuwa rangi ya majani ya chai, nikaona kwamba sasa hata huyo wa kumkasirikia hayupo, nimebaki na ile tu.

Jumatatu nikapanda gari la Tunduma. Bushra alikuwa hayupo dukani, ameenda Nakonde. Nesta akanipa kiti, akaagiza niletewe chai. Nilimwambia kwanza anisikilize. Nikasema yote, kama nilivyoyasema hapa, ila kwa kukatakata. Muhuri wa chama. Barua. Siku ya "Karibu, mzee Osea, ingia ukae." Alikuwa anapanga betri kwenye rafu, akawa anaendelea kuzipanga, lakini nikaona anazirudisha zile zile.

Nikampa bahasha. Barua ya mashine aliisoma haraka, kama mtu anayejua fomu. Alitazama tarehe.

"Zilikuwa zimebaki siku ngapi ilipofika?"

"Kumi na moja."

Akafungua kikaratasi. Alikisoma, akakigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi, akakisoma tena. Dereva mmoja wa Zambia akaingia akauliza chaja ya simu kwa Kibemba. Nesta akamjibu, akamchagulia, akampa chenji, sauti yake haikutikisika hata kidogo. Yule akatoka.

"Hii nayo uliisoma," akasema.

"Niliisoma."

"Uliielewa?"

"Nilielewa pale aliposema haraka."

Alikunja kikaratasi kwa mikunjo yake ile ile ya zamani. Chai ikaletwa, akaisogeza upande wangu. Hakulia na hakunitukana, ningependa angefanya kimojawapo. Alisema tu kwamba miaka yote hii akisikia jina la yule mwalimu kwenye redio, akihojiwa juu ya umeme, alikuwa anazima. Halafu akarudia betri zake mpaka nikamaliza chai. Nikataka kusema jambo juu ya mama yake, juu ya gari. Aliinua mkono kidogo, nikaacha.

"Baba, magari ya Vwawa yanaanza kupungua saa kumi," akasema.

Nikasimama. Nikamwambia nitatafuta kujua kama yule mwalimu bado yuko pale chuoni, nitaulizia kwa watu wa Vwawa, kuna kijana wa jirani amesoma huko.

"Usiulize wewe," akasema Nesta. "Nitauliza mwenyewe."

Nikaenda stendi.